Damari wa Unyaghumbi na Maji Aliyoshindwa Kuyatema

Damari, ambaye waamini wa kigango chetu cha Unyaghumbi wanamwita mtakatifu bila kuisubiri Roma, alizaliwa mwaka 1919 kwenye vilima vya mawe upande wa Mtinko, kaskazini ya mji wa Singida. Ulikuwa mwaka wa njaa iliyofuata vita vya Wazungu, na baba yake, mzee Alute, alisema mtoto atakayeponea mwaka ule hatakufa kwa kitu kidogo. Alibatizwa akiwa binti mkubwa, mwaka 1934, na padre akampa jina la yule mwanamke wa Athene anayetajwa mara moja tu katika Matendo ya Mitume, halafu hasikiki tena. Mimi ninayeandika nilikuwa katekista wa hapa hapa. Niliyoyaona nitasema nimeyaona, na niliyosimuliwa nitasema nimesimuliwa. Asiyetaka kuamini habari ya mawe, asiamini, simshiki shati. Ila asome mpaka mwisho.

Kwanza msomaji aelewe nchi ilivyokuwa. Leo ukifika Unyaghumbi unaona ziwa dogo lililozungukwa na mawe makubwa kama nyumba, mengine yamebebana mgongoni, na upande wa magharibi kuna bapa jeupe lisiloota jani. Zamani hapakuwa na chochote kati ya hivyo. Palikuwa mbuga tupu, tambarare kama sinia, hata jiwe la kumfukuzia mbwa hulipati. Wanawake wa mbugani walisagia mawe yaliyotoka vilimani, ndiyo maana binti wa vilimani akiolewa huko alikwenda na jiwe lake la kusagia. Kaka zake walilibeba kwa zamu, huku wakitania njia nzima kwamba dada yao anakwenda kwa watu wanaotafuna mtama mzima kama kuku. Wataalamu waliokuja na nyundo zao wanasema mawe yetu ni ya kale kuliko Adamu. Sawa, wao wamesoma. Lakini wazee waliochunga ng'ombe mbugani humo wako wengi, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kujikwaa.

Mwaka 1937 Damari aliolewa na Mughwai, mkulima wa kilima cha jirani, mtu mpole aliyependa ng'ombe kuliko maneno. Mughwai alimjengea tembe kubwa kwa msaada wa rafiki yake, Melkizedeki, ambaye pia alikuwa msimamizi wao wa ndoa kanisani. Wale marafiki wawili walikwenda porini wakakata mti mmoja mrefu na mnyofu, wakaubeba begani, huyu mbele na yule nyuma, ukawa boriti iliyopita juu ya nyumba nzima, kutoka zizini mpaka chumba cha ndani. Juu yake wakapanga fito na kutandaza udongo, kama tembe zote zilivyo. Watu walikuja kuitazama boriti ile. Naomba msomaji asiisahau.

Wito wake Damari ulikuwa wa kupatanisha. Kwetu, mtu aliyekosewa jambo zito haambiwi tu asamehe. Wazee humletea maji katika kata. Huyashika kinywani mbele ya aliyemkosea, kisha huyatema chini na kusema, "Yametoka." Hapo kesi imekwisha, na ardhi imeshuhudia. Asipotema, wawili hao hawali pamoja, na wazee husema hata mvua huwa na shaka na mahali hapo. Padre wa kwanza aliita mambo hayo upagani. Padre wa pili alikaa nasi zaidi, akaona watu wanaungama kanisani Jumamosi na Jumapili wanapishana njia bila salamu, akasema basi, ungameni kwangu, kisha mkateme. Mshika kata alikuwa Damari. Alikuwa na kipaji. Alikaa karibu na mwanamke aliyenuna, akamshika goti, akamwambia neno lake lililojulikana mpaka Issuna: "Tema, mwenzangu. Maji hayana mfupa." Na mwenzake akatema. Wengi waliishi kwa amani kwa sababu yake, na hilo Mungu analijua.

Kwa miaka mingi hakupata mtoto. Alifunga, alisali novena, alivumilia wifi zake waliouliza kwa sauti kama Mughwai ameoa mke au mtungi. Mwaka 1950 akamzaa Kristina, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Damari tena. Akawa Mama Kristina sokoni, Mama Kristina kanisani, Mama Kristina kwa padre. Mwenyewe alikiri kwamba jina hilo lilimnenepesha kuliko ugali. Mughwai alifariki mwaka uliofuata uhuru, na mama na binti wakabaki katika tembe ile kubwa. Kristina alipoolewa na kijana aliyechimba dhahabu Sekenke, alirudi nyumbani kujifungua mimba yake ya kwanza, kama desturi inavyotaka.

Ndipo ikafika Septemba ya mwaka 1974, tulipohamia kijiji cha ujamaa kule mbugani. Sitaingia katika siasa. Wengi walihama kwa kuimba, wengine kwa kununa, na maji na shule tulivyovipata baadaye tulivipata kwa sababu ya kuishi pamoja. Lakini ule mwezi ulikuwa mgumu. Mwenyekiti wetu alikuwa Melkizedeki yule yule. Alikuwa amewaahidi viongozi kwamba watakapopita kukagua hawatakuta nyumba hata moja imesimama kilimani, na kesho yake ndiyo walikuwa wanapita. Tembe iliyobaki ilikuwa ya Mama Kristina. Kristina alikuwa chumba cha ndani, ameshikwa na uchungu tangu alfajiri.

Mama alisimama mlangoni. Vijana walikuwa na majembe na mitaimbo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kilima nikipakia vitu vya kigango kwenye mkokoteni, kwa hiyo haya nimesimuliwa, tena na wengi, na wote wanasimulia sawa.

"Melkizedeki," alisema, "mtoto anaumwa. Ngoja jua ligeuke tu."

"Shemeji, tutaanza upande wa zizi," akajibu. "Huko kwake hatugusi. Wewe toa vyungu vyako."

Akatoka na vyungu. Alikuwa ameinama kwenye kihenge cha mtama wakati Melkizedeki aliposema, "Vuta." Vijana wakavuta nguzo ya zizini. Boriti ikashuka, na kwa kuwa ilikuwa moja, ikashuka nyumba nzima, na udongo wote uliokuwa juu yake. Walipomfukua Kristina alikuwa amekwisha kufa, na mtoto wake hakupata hata kulia. Tuliwazika pamoja hapo kilimani. Siku ya tatu Damari akajitwika jiwe lake la kusagia, ambalo wengine walikuwa wamempakilia kwenye gari naye akalishusha, akashuka nalo mbugani kwa miguu.

Melkizedeki alilia msibani, na sidhani alikuwa anaigiza. Lakini kila alipoulizwa alisema maneno yale yale: "Ilikuwa ajali. Sikujua kama boriti ni moja." Watu wakaitikia kwa kichwa. Tulikuwa na nyumba za kujenga, tulikuwa na shamba la pamoja la kulima, na mwenyekiti ni mwenyekiti. Jambo moja dogo likatokea ambalo hatukulipanga: watu walianza kumwita Damari. Tuliona haya kutamka Mama Kristina mbele yake. Tulidhani ni huruma. Siku moja kisimani aliweka ndoo chini, akawatazama wanawake wote, akasema, "Mbona hamniiti jina langu? Mwanangu mmemzika mara mbili?" Wanawake wakainua ndoo zao, na kesho yake waliendelea kumwita Damari.

Mvua ya mwaka ule ilidondoka mara moja ikakata. Mtama ulichipua ukanyauka. Wazee wakakaa, wakakumbuka desturi: ardhi ya kijiji kipya haijashuhudia neno "Yametoka." Wakachota maji katika kata, wakaenda kwake pamoja na Melkizedeki. Hapo nilikuwepo. Walimwamkia vizuri, wakamweleza, wakampa kata. Aliyachukua maji kinywani. Akayashika muda mrefu, mashavu yamejaa, macho yakimtazama Melkizedeki. Sote tulisubiri. Akayameza.

"Yamekataa," akasema. "Nilikuwa nawaambia watu maji hayana mfupa. Jamani, yana mfupa. Umenikwama hapa."

Asubuhi iliyofuata, nyuma ya nyumba yake, pale mbugani pasipo na hata changarawe, palikuwa na jiwe kama ng'ombe aliyelala. Hilo nililiona kwa macho yangu, nikaligusa, lilikuwa la baridi. Wazee walirudi baada ya Krismasi, wakarudi na Kwaresima ilipoanza. Kila mara alijaribu kweli. Nawaambia alijaribu. Kila mara alimeza, na kila mara palipokucha palikuwa na jiwe jingine, kubwa kuliko lililotangulia. Wanawake wenzake walianza kusagia juu ya mawe hayo, maana shida haichagui jiwe, lakini walisema wakisaga walisikia uzito mikononi, unga ukatoka mweusi.

Padre alikuja kumwona. Akamkumbusha Bwana alivyomwambia Petro asamehe saba mara sabini. Damari akajibu kwa heshima, "Baba, hesabu hiyo naijua, nimeifundisha. Ila mimi sijafika moja." Padre akamwambia, basi tema hata kwa ajili ya mvua, watu wanakufa njaa. Akajibu maneno ambayo sasa yameandikwa ukutani mwa kanisa letu: "Nikitema kwa ajili ya mvua, nimeisamehe mvua. Huyu mtu nitakuwa sijamsamehe. Mungu nitamdanganyaje, wakati kinywa kaniumbia yeye?" Padre akambariki, akaenda zake. Kisha Damari akafanya jambo ambalo watu huliruka wanapomsimulia, nami naona ndilo lililomfanya mtakatifu. Alizunguka nyumba kwa nyumba kwa wanawake aliokuwa amewashika goti zamani. "Mwenzangu," aliwaambia, "nilikuharakisha. Sikujua ninachokuomba. Unisamehe, ukipenda, na usipopenda nitangoja."

Njaa haina adabu, na sasa nasimulia aibu yetu. Kuna watu wazima, wenye wajukuu, waliopatana kumtega. Walikwenda kwa Hirji, mwenye duka kule mnadani Mtinko, wakanunua chumvi nyingi mpaka Hirji akauliza kama wana harusi. Wakaikoroga ndani ya kata. Walifikiri: akionja, atatema tu, sisi tutashangilia, ardhi nayo itakuwa imeshuhudia. Ni kosa ambalo watu wa kwetu peke yao wangelifanya, kudhani unaweza kuivizia ardhi. Damari alionja na kweli akatema, puu! upande wa magharibi. Wakaruka juu: "Yametoka! Yametoka!" Mmoja akapiga kigelegele. Damari akajifuta midomo kwa khanga, akasema, "Kilichotoka ni chumvi yenu. Uchungu wangu bado ninao." Pale ilipoangukia ndipo palipo lile bapa jeupe. Ng'ombe hulilamba mpaka leo, lakini hapaoti kitu.

Jioni ile Cecilia, jirani yake aliyemtunza mpaka mwisho, alimwuliza kwa upole kwa nini asiliteme tu fundo hili aishi. Damari akalia, mara ya kwanza tangu mazishi. "Cecilia, wewe una watoto sita. Mimi nimebaki na kinyongo hiki tu kifuani. Nikikitoa, ni nani tena atakayemkumbuka Kristina? Hata jina mmeliacha." Hilo ndilo lilikuwa zigo lake. Hakuogopa kufa, wala hakuogopa kijiji kumchukia. Aliogopa kwamba siku atakapotema, binti yake atakuwa amekwisha kabisa duniani, kama vile hakuzaliwa.

Ilipofika Oktoba ya 1975 kisima kilitoa tope, kisha hata tope likaisha. Gari la maji lilitoka mjini mara chache, na kila nyumba ilipata kipimo kidogo. Damari alimpa cha kwake mwanamke aliyekuwa ananyonyesha, akasema mwenye kunyonyesha anakunywa kwa ajili ya watu wawili. Akashikwa na homa. Akalala nje kwenye kivuli cha mawe yake, maana ndani palikuwa tanuri. Midomo yake ilipasuka. Padre aliitwa kutoka parokiani, lakini njia ni ndefu.

Mchana huo, jua la utosi, akaja Melkizedeki peke yake. Hakuja na wazee. Alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Mikononi alishika kata yenye maji, kipimo chote cha nyumba yake. Cecilia alikuwepo, nami nilikuwepo, nimekwenda kumsomea sala za wagonjwa. Melkizedeki hakutuangalia. Alipiga magoti vumbini, jambo ambalo mwenyekiti hafanyi.

"Shikamoo, Mama Kristina," alisema.

Damari alifumbua macho aliposikia jina lile.

"Boriti niliibeba mimi," Melkizedeki akasema. "Mimi nyuma, Mughwai mbele. Nilijua ni moja. Na nilimsikia Kristina analia ndani. Niliogopa wakubwa wa kesho, nikasema vuta. Haikuwa ajali. Nimekuletea maji unywe. Sikuja kuomba unitemee kitu. Kunywa tu, upone."

Damari akasema polepole, kwa koo lililokauka, "Nilijua kwamba unajua. Mwaka mzima nilikuwa najua peke yangu. Sasa tuko wawili tunaomjua alivyokufa." Akanyoosha mkono kupokea kata. Cecilia alimwinua mgongo. Maji yaligusa midomo iliyopasuka, na nilimwona jinsi koo lilivyoyataka, lilikuwa linapanda na kushuka lenyewe. Nikasema moyoni, kunywa, mama, kunywa tafadhali. Aliyashika kinywani. Akageuza uso kutoka kwetu, akaelekea katikati ya mawe, akayatema chini yote.

"Yametoka," akasema.

Melkizedeki akapiga kelele, "Mama, ungekunywa!" Damari akatabasamu kidogo na kumwambia neno lake la mwisho linalokumbukwa: "Mwanangu usimwache apotee." Alifariki kabla ya jua kuzama, siku ya Jumamosi, padre akiwa bado njiani na baiskeli yake. Alikuwa na miaka hamsini na sita.

Yaliyofuata kila mtu wa Unyaghumbi wa umri wangu ameyaona. Doa la maji alilolitema halikukauka, katika jua lile linalokausha mate kabla hayajafika chini. Tulipokwenda kuchimba kaburi likawa upana wa ungo. Wakati wa kumshusha kaburini maji yalikuwa yanajongea katikati ya mawe, matamu, baridi, na watu wakaacha kuimba wakapiga magoti kunywa kwa viganja, padre naye kati yao na kanzu yake ya ibada. Baada ya juma moja lilikuwa ziwa. Tangu hapo halijakauka. Wanawake walirudi kusagia juu ya yale mawe na unga ukatoka mweupe.

Mara nyingi watu hutuuliza kwa nini ziwa haliitwi Damari. Mwaka uliofuata walikuja wapimaji wa ramani, wakamwuliza mwenyekiti jina la mahali. Wazee walikuwa wamekubaliana kusema Ziwa la Mtakatifu. Melkizedeki akawatangulia. "Andika Kristina," akasema. Mzee mmoja akamvuta shati, akamwambia Kristina ndiye yule wa boriti, mbona unajifukua mwenyewe? Melkizedeki akajibu, "Ndiye huyo huyo. Andika." Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliacha uenyekiti, akawa mtu wa kuwachotea maji wagonjwa na vikongwe, na kila mgeni aliyeuliza asili ya jina alimkalisha chini akamsimulia yeye mwenyewe, boriti na yote, bila kujitetea. Alipokufa mwaka 1993 tulimzika karibu na maji, kwa ombi la watoto wa Cecilia.

Watu waliokosana wanakuja ziwani kutoka mbali. Wamekuja ndugu wawili waliouliana ng'ombe, amekuja mjane na mashemeji waliomnyang'anya shamba, wamekuja hata Waislamu na Wahindi wa mjini, na wengi wametema na kwenda nyumbani wakiwa wepesi. Wapo pia waliomeza, wakaondoka. Hao hatuwacheki wala hatuwapigii kelele, na mshika kata haruhusiwi kumshika mtu goti. Hiyo ndiyo sheria aliyotuachia Damari, nami nawasihi waamini waifuate: aliyeumizwa asiharakishwe, na aliyeumiza aseme ukweli kabla hajaleta maji.

Habari ya utakatifu wake tumeipeleka kwa Askofu, naye ataamua kwa wakati wake. Sisi hatuna haraka. Asubuhi, kabla chai haijachemka, nasikia wanawake wakiitana na ndoo zao mlangoni pangu. "Unakwenda wapi?" anauliza mmoja. "Kristina," anajibu mwenzake. "Ningoje, na mimi nakwenda Kristina." Wengi wao ni wadogo, hawakumwona mama wala binti. Lakini hakuna nyumba hapa inayokunywa maji bila jina hilo kutajwa kwanza.